Mkanda haushiki mzigo, unaukandamiza: namna ya kufunga mzigo wa lori kwa mikanda ya racheti

Wengi hudhani mkanda huzuia mzigo jinsi kamba inavyomzuia mbuzi. Sivyo, angalau si kwa ufungaji tuliouzoea wa kupitisha mkanda juu ya mzigo na kuukaza pembeni. Mkanda wa juu una kazi moja tu: kuukandamiza mzigo kwenye sakafu ya tela. Kinachozuia mzigo usiteleze ni msuguano kati ya kitako cha mzigo na sakafu hiyo. Dereva na utingo wakilielewa hili, watajua kwa nini ufagio una thamani kuliko mkanda wa tano, na kwa nini mikanda minane huweza kushindwa kazi ambayo miwili ingeifanya.

Mwongozo huu unahusu tela la wazi, lililo na ukuta wa mbele na pete au reli za kufungia pembeni, aina inayopanda na kushuka kati ya Dar es Salaam na Tunduma au Mombasa na Malaba. Mikanda inayozungumziwa ni ya upana wa milimita 50, yenye racheti (kile kifaa cha meno na mpini cha kukazia mkanda) na ndoano.

Anza kwa kusoma lebo

Kila mkanda wa maana una lebo iliyoshonewa pande zote mbili: kwenye kipande kifupi chenye racheti na kwenye kipande kirefu. Lebo ya buluu maana yake mkanda ni wa poliesta, na ndani yake utaona herufi PES. Kijani ni poliamidi, kahawia ni polipropilini. Kwa malori yetu mingi ni ya buluu.

Kuna namba mbili za kutafuta. Zote zimeandikwa kwa daN, na daN moja ni takriban kani ya uzito wa kilo moja.

LC ni mvuto mkubwa kabisa ambao mkanda unaruhusiwa kubeba ukivutwa moja kwa moja. Kwa mkanda wa milimita 50 mara nyingi ni daN 2500. Ukizungushwa kama kitanzi, huandikwa 5000, na hapo ndipo watu hudanganyika. Mkanda unaouzwa dukani kwa jina la "tani 5" haukupi ruhusa ya kuvuta tani 5 kwa uzi mmoja. Tani hizo ama ni za kitanzi, ama ni kiwango ambacho mkanda hukatikia.

STF ni mkazo unaobaki ndani ya mkanda baada ya kukaza racheti kwa nguvu ya kawaida ya mkono, yaani daN 50, nguvu inayoandikwa kwenye lebo kama SHF. Kwa racheti ya kawaida yenye mpini mfupi, STF huwa kati ya 300 na 350. Racheti zenye mpini mrefu wa kuvuta kuelekea chini hufika 500 au zaidi. Ukipitisha mkanda juu ya mzigo, namba inayofanya kazi ni STF, si LC. Mkanda wa "tani 5" unaukandamiza mzigo wako kwa kilo mia tatu na kitu tu kila upande. Mkanda usio na STF kwenye lebo usiutumie kwa ufungaji wa juu, kwa sababu huna namba ya kuanzia hesabu. Usio na lebo kabisa uache nyumbani.

Mzigo unataka kwenda wapi

Kiwango cha Ulaya EN 12195-1 cha mwaka 2010 kinataka mzigo ufungwe uweze kuhimili msukumo wa mbele wa sehemu 8 kati ya 10 za uzito wake, na wa pembeni na nyuma wa nusu ya uzito. Kasha la tani 2, ukikanyaga breki za ghafla, linasukuma kwenda mbele kwa kani ya tani 1.6. Kwetu namba hizo zichukuliwe kuwa za chini kabisa. Kwenye mteremko wa asilimia 10 uzito wenyewe huongeza karibu sehemu moja ya kumi ya msukumo wa mbele kabla hata hujagusa breki, na anayeshuka Kitonga au Mai Mahiu analijua hilo miguuni. Tuta la barabarani nalo huurusha mzigo juu kidogo, na kwa dakika hiyo fupi msuguano hupungua. Ndiyo maana "mzigo ni mzito, hauwezi kwenda popote" ni kauli ya hatari. Uzito unaoukandamiza mzigo chini ndio huohuo unaousukuma mbele.

Hesabu moja inayotosha kubadilisha ufungaji wako

Chukua kasha la mbao la tani 2. Limewekwa katikati ya tela lenye sakafu ya chuma, halijagusa ukuta wa mbele. Mikanda ina STF ya daN 300 na inashuka kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka sakafuni. Mbao juu ya bati safi la chuma huhesabiwa msuguano wa 0.3, yaani sehemu 3 kati ya 10 za kani inayoukandamiza mzigo sakafuni.

Ukifuata hesabu ya kiwango hicho, kuzuia kasha hilo lisiende mbele kwa mikanda ya juu peke yake kunahitaji mikanda 8. Kasha moja la tani 2.

Sasa acha sakafu na vumbi, mchanga wa safari iliyopita au mafuta. Msuguano hautakiwi kuhesabiwa zaidi ya 0.2, na mikanda inafika 15. Hakuna anayefunga kasha moja kwa mikanda 15, kwa hiyo kasha hilo linasafiri halijafungwa, ingawa kwa macho linaonekana limefungwa.

Lisogeze kasha lileile mpaka liguse ukuta wa mbele ulio imara, kwenye sakafu safi. Kazi ya mbele inachukuliwa na ukuta, mkanda unabaki na kazi ya pembeni, na mikanda 3 inatosha.

Au liache katikati, lakini chini yake weka mikeka ya mpira ya kuzuia kuteleza, ile ya chembechembe za mpira yenye unene wa milimita 8 hivi. Msuguano unapanda hadi 0.6 na mikanda 2 inatosha kwa upande wa mbele. Mikeka iwekwe kila kona na katikati, na mzigo ukae juu yake bila sehemu yoyote kugusa bati. Vipande vya tyubu ya tairi si mbadala kamili: ni laini, huteleza vikilowa, na hakuna anayeweza kukuhakikishia 0.6 kwake. Vitumie kuongezea usalama, lakini usipunguze mikanda kwa sababu yake.

Hatua ya kwanza ya kufunga mzigo, basi, ni kufagia tela.

Pembe ya mkanda

Mkanda ukishuka wima, mkazo wote unakandamiza. Kwa nyuzi 60 unabaki na asilimia 87, kwa 45 asilimia 71, kwa 30 nusu tu. Mzigo mfupi na mwembamba katikati ya tela pana ndio unaoumiza. Mzigo wa upana wa mita 1 na kimo cha nusu mita kwenye tela la mita 2.5 unaupa mkanda pembe ya nyuzi 34 hivi, na mkazo unaokandamiza ni asilimia 55. Weka paleti mbili tupu juu ya mzigo kabla ya kupitisha mkanda: kimo kinaongezeka kwa sentimita 30 hivi, pembe inafika 47, na unapata asilimia 73 bila kununua mkanda mwingine. Paleti ziwe nzima, na zikae katikati.

Kabla ya kupakia: kagua mikanda

Ukunjue mkanda wote chini, uupitishe mkononi ukiangalia pande mbili na kingo. Mkanda wa milimita 50 wenye mkato wa ukingoni unaozidi milimita 5, yaani asilimia 10 ya upana, uondoe kazini. Uondoe pia wenye mshono uliofumuka, ulioyeyuka kwa joto la ekzosi au cheche za kuchomelea, uliokakamaa kwa kemikali, na uliofungwa fundo. Fundo halirekebishi mkanda uliokatika. Linaupunguzia uwezo sana na halipiti kwenye racheti. Usiushone wala kuuchomea.

Kwenye racheti angalia kama meno yamelika, kama mhimili (kile chuma cha katikati ambacho mkanda hujizungusha) umepinda, kama kufuli la mpini linarudi lenyewe kwa springi. Ndoano isiwe imefunguka mdomo wala kuwa na ufa. Mwisho angalia pete za tela. Kwa viwango vya Ulaya, tela la zaidi ya tani 12 linatakiwa liwe na pete zinazohimili daN 2000 kila moja. Pete iliyochomelewa gereji bila vipimo haina namba hiyo, hivyo itazame weldi yake kwa makini, na kama bati linalozunguka limeanza kutu au kukunjamana, fungia kwenye fremu.

Kukaza, hatua kwa hatua

1. Panga mzigo kwanza. Uzito mkubwa chini, katikati ya upana wa tela, ukigusana kutoka ukuta wa mbele kurudi nyuma. Nafasi zinazobaki zijaze kwa paleti au mbao. Kama uzito wa ekseli haukuruhusu kufika mbele, jaza nafasi hiyo kwa mbao imara au tumia kitanzi cha mbele kinachoelezwa hapo chini.

2. Rusha mkanda upande wa pili ukiwa umehakikisha hakuna mtu. Rusha upande usio na ndoano. Ndoano ya chuma ikitua kichwani inaua.

3. Nyoosha mkanda. Usiwe na msokoto popote unapogusa mzigo, maana uliosokotwa unakaa kwenye ukingo wake mmoja na kukatika kutoka hapo.

4. Weka kinga kwenye kila kona kali. Kona huhesabiwa kali pale mviringo wake unapokuwa mdogo kuliko unene wa mkanda, na karibu kila chuma, bati na tofali viko hivyo. Kinga ya plastiki ngumu yenye umbo la L ni bora, kwa sababu mkanda huteleza juu yake na mkazo unafika upande wa pili. Kipande cha tairi huulinda mkanda vizuri lakini huung'ang'ania, hivyo upande usio na racheti hubaki umelegea kuliko unavyodhani.

5. Ingiza ndoano mpaka mwisho. Ncha ikiwa ndiyo inayobeba, ndoano itafunguka.

6. Fungua mpini wa racheti, ingiza ncha ya mkanda kwenye mwanya wa mhimili, na uvute kwa mkono mpaka ulegevu wote uishe. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukiacha ulegevu kisha ukautegemea mpini, mkanda unajaa kwenye mhimili, racheti inagoma, na mkazo haujafika.

7. Kaza kwa mpini. Mhimili uwe na mizunguko isiyopungua moja na nusu, vinginevyo mkanda huchomoka. Isizidi mitatu, maana mkanda utajibana na kushindwa kufunguka.

8. Kaza kwa mkono tu. Usiongeze bomba kwenye mpini. Bomba hupasua meno ya racheti, na mpini ukiponyoka hurudi kwa kasi inayovunja taya.

9. Laza mpini mpaka kufuli libane. Mpini uliosimama hufunguka wenyewe kwa mtikisiko.

10. Funga mkia wa mkanda uliobaki. Unaopepea huishia kwenye tairi au shafti ya propela.

Zipishe racheti: ya kwanza kushoto, ya pili kulia. Mkazo hupungua kila unapovuka kona, kwa hiyo racheti zote zikiwa upande mmoja mzigo utavutwa na kuegemea huko. Ukishafunga mkanda wa mwisho rudi kwenye wa kwanza. Utaukuta umelegea, kwa sababu mikanda iliyofuata imeukandamiza mzigo zaidi.

Kitanzi cha mbele

Mzigo usiogusa ukuta wa mbele haufai kutegemea mikanda ya juu peke yake. Simamisha paleti mbele ya mzigo, pitisha mkanda mbele ya paleti hiyo karibu na ukingo wake wa juu, kisha shusha ncha zake mbili kuelekea nyuma na uzifunge pembeni, moja kila upande. Hapa mkanda unavuta moja kwa moja, na namba inayotumika ni LC. Kwa kasha letu la tani 2 kwenye sakafu ya chuma, baada ya msuguano kuchukua sehemu yake, kitanzi kinabaki na kazi ya daN 1000 hivi. Kwa pembe ya nyuzi 45, pande mbili za kitanzi zikiwa na pete za daN 2000, zinahimili zaidi ya 2500 kwenda mbele. Kitanzi kimoja kimefanya kazi ya mikanda minane. Ongeza mikanda ya juu kwa ajili ya pembeni na matuta. Mkanda wa kitanzi usishuke kutoka mahali pake: upitishe katikati ya mbao za paleti.

Mizigo inayosumbua

*Nondo na mabomba.* Bando la nondo za mita 12 lina tabia mbili mbaya. Nondo za katikati hazijaguswa na mkanda wowote, hivyo breki ikishikwa zinachomoka mbele kama mshale, na ukuta mwembamba wa mbele hauzizuii kufika kwenye kabini. Pili, mbavu zake zinasaga mkanda. Kila bando lizungushwe lenyewe mara mbili kamili kwa mnyororo au mkanda, libanwe, kisha ndipo lifungwe kwenye tela. Weka nguzo za pembeni, angalau mbili kila upande kwa kila bando, na mbele weka kizuizi kinachofika juu kuliko nondo. Kwa nondo nyingi tumia minyororo. Mnyororo wa milimita 8 wa daraja la 8 una LC ya daN 4000, wa milimita 10 una 6300.

*Magunia.* Mahindi, mchele na saruji hukaa. Baada ya kilomita chache kimo kinashuka na mikanda yote inalegea, hata ungeikaza vipi. Panga magunia kwa kupishana kama matofali. Laza mbao ndefu juu kwenye kingo mbili, mkanda upite juu ya mbao, ili ukandamize safu nzima badala ya kuzama kwenye gunia moja. Turubai huzuia mvua. Halihesabiwi kuwa limefunga mzigo. Saruji ina jambo lake la ziada: vumbi lake likilowa huwa alkali, na alkali hula poliesta. Mkanda uliobeba saruji uoshwe kwa maji mengi siku hiyohiyo.

*Trekta na mitambo.* Mkanda wa juu hauna kazi hapa, maana matairi yanadunda na kuulegeza. Funga moja kwa moja kutoka sehemu ambazo mtengenezaji ameziweka, angalau minyororo minne, miwili ikivuta mbele na miwili nyuma. Ndoo ishushwe, breki ya mkono ivutwe, vigingi viwekwe kwenye magurudumu. Usichanganye mnyororo na mkanda kwa kuvuta upande uleule: poliesta hurefuka hadi asilimia 7 ikifika LC, mnyororo karibu haurefuki, hivyo mnyororo utabeba peke yake huku mkanda ukingoja.

*Kontena.* Kontena halifungwi kwa mikanda. Linakaa kwenye kufuli zake nne za kona, zote zikiwa zimezungushwa na kukaguliwa. Tela lisilo na kufuli hizo lisipewe kontena.

Njiani

Simama kilomita 10 hadi 20 za mwanzo, mahali salama, ukaze upya. Kanuni za Marekani zinataka dereva akague ndani ya maili 50 za mwanzo, kisha kila maili 150 au saa 3, lolote litakalotangulia. Kwa barabara zenye matuta kila kijiji, kagua mara nyingi zaidi: kila ukisimama kwenye mizani, kabla ya kuanza mteremko mrefu, baada ya breki ya ghafla, na asubuhi kabla ya kuondoka. Piga mkanda kwa kiganja. Uliokazwa unarudisha mdundo, uliolegea unatikisika kimya. Mvua haiudhoofishi mkanda wa poliesta, lakini huloanisha sakafu na kupunguza msuguano, na magunia yaliyolowa hukaa zaidi.

Kufungua

Ajali nyingi za mikanda hutokea gari likiwa limesimama. Kabla ya kugusa racheti, zunguka tela lote na uangalie mzigo umeegemea upande gani. Ukiwa umeegemea mkanda, huo mkanda ndio pekee unaoushikilia, na ukiufungua utakuangukia. Ushikilie kwanza kwa folklifti au krini. Kisha simama pembeni ya mstari wa mkanda, vuta kitufe cha kufuli, na ufungue mpini hadi ulale kabisa, nyuzi 180. Mkazo hutoka wote kwa mara moja, kwa hiyo vidole viwe mbali na mhimili na utingo asiwe upande wa pili.

Mikanda iliyochafuka ioshwe kwa maji, ikaushwe kivulini, ikunjwe kwa mviringo na kuwekwa ndani ya sanduku, kwani jua la kila siku huila taratibu. Mafuta kidogo yaende kwenye meno na springi za racheti tu. Mhimili ufutwe ukauke, maana mkanda uliolainishwa huteleza palepale unapotakiwa kushika.